KABLA YA KUUZA NYUMBA: KARATASI KWANZA, MNUNUZI BAADAYE

(Somo la redio kwa madarasa ya kisomo na vikundi vya kusikiliza. Msimamizi awasomee wanafunzi maneno haya tena, polepole, baada ya matangazo kwisha.)

Kila mtu awe na daftari na kalamu, maana leo tutasoma, tutaandika, na tena tutapiga hesabu mbili.

Katika masomo yaliyopita tulisoma barua na stakabadhi. Leo tunasoma karatasi ambazo kwa watu wengi ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote zilizomo sandukuni, nazo ni karatasi za nyumba yenyewe. Tuseme mtu anataka kuuza nyumba yake. Pengine amezeeka na anakwenda kukaa kwa wanawe. Pengine ana mgonjwa. Pengine anataka mtaji wa biashara. Aanzie wapi?

Watu wengi huanza kwa kumtafuta dalali. Dalali huleta mnunuzi, na mnunuzi huuliza, "Karatasi ziko wapi?" Hapo ndipo sanduku hufunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi, na mambo huanza kuonekana. Hati iko kwa shemeji. Jina lililoandikwa ni la marehemu. Pango la ardhi halijalipwa tangu mtoto wa mwisho alipozaliwa. Sasa mwuzaji ana haraka, na mnunuzi hana haraka hata kidogo. Mwenye haraka hupunguza bei, au hutia sahihi karatasi asiyoielewa. Kwa sababu hiyo twasema: karatasi kwanza, mnunuzi baadaye.

Tunazungumza juu ya Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria zao za ardhi, na somo hili haliwahusu.

Kwanza tufahamu ni kitu gani kinachouzwa. Tangu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, wakati wa Waingereza, ardhi ya Tanganyika ilitangazwa kuwa ardhi ya umma. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, hata wale wachache waliokuwa na ardhi ya milki ya moja kwa moja waliondolewa milki hiyo. Sheria mbili za mwaka 1999, yaani Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ziliendelea na msingi huo huo: ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Wewe una haki ya kuitumia, na haki hiyo ndiyo unayomhamishia mnunuzi pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Udongo haubebeki, wala haki haionekani kwa macho. Kinachoonekana ni karatasi. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili hutazama karatasi kabla ya kutazama bati.

Sasa tuisome hati. Mwenye hati miliki, au nakala yake, aiweke mezani. Hati nyingi za zamani zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini msiogope. Tarakimu ni zile zile na majina ni yale yale. Tafuta kwanza jina la mmiliki. Halafu tafuta namba ya hati, namba ya kiwanja, na jina au herufi ya kitalu. Tafuta ukubwa wa kiwanja, ambao huandikwa kwa mita za mraba. Tafuta matumizi: je, ni makazi au biashara? Nyuma kuna ramani ndogo, na katika ramani hiyo mna namba za mawe ya mpaka. Toka nje ukayatazame mawe hayo. Kama ukuta wa jirani umelipita jiwe, ni afadhali ulijue leo kuliko kuambiwa na mpimaji aliyeletwa na mnunuzi.

Kisha tafuta muda. Hati hutolewa kwa miaka maalumu, na ya kawaida ni miaka 33, 66 au 99. Tazama ilianza tarehe gani. Hapa pana hesabu yetu ya kwanza. Hati ni ya miaka 33, nayo ilianza tarehe 1 Julai 1995. Itakwisha lini? Andikeni jibu.

(Kimya kidogo ili wanafunzi waandike.)

Jibu mtalisikia mwishoni. Wako watu waliojenga nyumba nzuri, wakalipa kila kitu, na hati imebakiwa na miaka miwili tu. Mnunuzi akiliona jambo hilo atauliza, "Kuhuisha hati ni kazi ya nani?" Na lililo kweli ni kwamba atakata bei. Kama muda umekaribia kwisha, peleka maombi ya kuhuisha katika Ofisi ya Ardhi kabla hujatangaza kuuza.

Turudi kwenye jina, maana hapo ndipo penye matata mengi kuliko mahali pengine pote.

Tazama jina katika hati, kisha tazama jina katika kitambulisho chako cha Taifa. Je, yanalingana herufi kwa herufi? Katika hati waweza kuwa umeandikwa kwa jina lako na la babako, na katika kitambulisho kwa majina matatu. Au karani wa zamani aliandika "Ramadhan" na kitambulisho kinasema "Ramadhani". Wewe unajua kuwa ni mtu mmoja, na majirani wanajua. Msajili wa Hati hajui. Dawa yake si ngumu: unakwenda kwa wakili au kamishna wa viapo, unaandikiwa kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Ikiwa umebadili jina kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina, tena iliyosajiliwa. Ni kazi ndogo ukiifanya mapema, lakini mnunuzi akiwa ameketi sebuleni na fedha mkobani, kila siku inayopita humtia shaka.

Jambo kubwa zaidi ni pale jina lililo katika hati ni la mtu aliyekufa.

Tuchukue mfano. Mama mmoja, mjane, anakaa Morogoro katika nyumba aliyoijenga na mumewe. Mume amefariki miaka sita. Hati ina jina la mume peke yake. Mama anasema, "Nyumba hii ni yangu, nimeizungukia tofali kwa tofali." Ni kweli, na sheria inalitambua jasho lake. Lakini je, aweza kuiuza kesho? Hawezi. Wala mtoto wake wa kwanza wa kiume hawezi, ingawa watu wengi hudhani kuwa uzaliwa wa kwanza ni hati. Wala baba mdogo hawezi, hata akiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi ishirini. Marehemu hauzi, na hakuna anayeweza kuuza kwa niaba yake ila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Njia ni hii. Familia hupata cheti cha kifo kutoka RITA. Wanakaa kikao, wanampendekeza mtu, na wanaandika muhtasari. Mtu huyo anafungua maombi ya mirathi mahakamani: Mahakama ya Mwanzo, au mahakama ya juu yake, kwa kadiri ya sheria inayotawala mirathi hiyo. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Pasipo pingamizi, humteua msimamizi na kumpa barua ya usimamizi. Kwa barua hiyo msimamizi anakwenda kwa Msajili wa Hati, na jina lake linaandikwa katika hati kwa cheo cha msimamizi. Ndipo nyumba inaweza kuhamishwa.

Lakini sikilizeni vizuri. Msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu tu ya kuwa msimamizi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu, na kuwagawia warithi, kisha kuieleza mahakama alivyofanya. Ikiwa warithi wameafikiana kuuza nyumba na kugawana fedha, ridhaa yao iandikwe, kila mmoja atie sahihi yake mwenyewe. Mtoto aliye mbali asiandikiwe na nduguye. Kesi nyingi za ardhi zilizojaa mahakamani zilianza na maneno haya: "Tulimwambia kwa simu, akakubali."

Basi mama wa Morogoro akianza leo, pengine atapata barua yake baada ya miezi kadhaa. Akisubiri mpaka mnunuzi aje, mnunuzi hatangoja miezi hiyo. Au atangoja kwa sharti baya: atoe fedha kidogo, ahamie ndani, na zilizobaki alipe "karatasi zikikamilika". Mama atakuwa nje ya nyumba yake, na bei hajaipata.

Tuseme sasa mume yu hai, na hati ina jina lake. Je, aweza kuuza bila kumwambia mkewe? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza. Mume au mke haruhusiwi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake, ndoa ikiwa ingali hai. Haidhuru jina katika hati ni la nani. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka hata mnunuzi aulize kama mwenzi ameridhia. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu atadai karatasi ya ridhaa yenye sahihi ya mke, au ya mume ikiwa mwuzaji ni mke, iliyotiwa mbele ya wakili. Mtu asiye na ndoa huapa kwamba hana mwenzi. Aliyeachana na mwenzake atafute nakala ya amri ya mahakama, hasa sehemu inayosema mali ziligawanywa vipi.

Hapa nataka kusema neno na akina mama walio darasani. Usikubali kutia sahihi ya ridhaa katika karatasi tupu, au karatasi ambayo bei haijaandikwa. Ridhaa ni kuridhia jambo unalolijua. Na kama unaogopa kwamba nyumba itauzwa kwa siri, sheria inakuruhusu kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Zuio likiandikwa, mtu akienda kutazama daftari la hati ataliona.

Sasa sikilizeni mazungumzo haya. Mzee anakaa barazani. Kijana anapiga hodi.

KIJANA: Hodi! Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, kijana wangu. Karibu, keti.

KIJANA: Ahsante. Nimetumwa na yule bwana aliyekuja jana kuitazama nyumba. Ameipenda. Hizi hapa shilingi milioni mbili za kuanzia. Mzee, weka dole gumba hapa chini tu.

MZEE: Karatasi hii inasema nini?

KIJANA: Ni stakabadhi tu, mzee. Ya kuonyesha umepokea.

MZEE: Stakabadhi ya kurasa tatu?

KIJANA: Aa, hayo mengine ni maneno ya mawakili. Tena ni ya Kiingereza, yatakuchosha.

MZEE: Basi iache hapa. Mjukuu wangu atanisomea, kisha nitaipeleka kwa wakili.

KIJANA: Lakini mzee, bwana ana haraka. Kuna nyumba nyingine anaitazama.

MZEE: Akaitazame, kijana wangu. Nyumba yangu haitembei. Na fedha zake chukua, usizisahau.

Mmemsikia mzee. Hakugombana na mtu, wala hakumwita kijana mwizi. Huenda karatasi ile ilikuwa safi. Lakini huenda ilikuwa mkataba kamili wa mauziano, au hati ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kuuza badala yako. Stakabadhi ni kitu kifupi: nani kalipa, nani kapokea, kiasi gani, kwa ajili gani, tarehe gani. Ikizidi hapo, uliza. Mtu asiyejua kusoma akitia dole gumba, aombe iandikwe chini yake kwamba amesomewa maneno yote kwa Kiswahili akayaelewa, na jina la aliyemsomea liandikwe. Na ninyi mnaojifunza kusoma sasa, kisomo hiki mnakisotea kwa ajili ya siku kama ile.

Jambo jingine katika mazungumzo yale: mzee hakutoa hati yake. Mnunuzi apewe nakala. Hati yenyewe ionyeshwe mbele ya wakili, irudi mkononi mwako, mpaka siku ya makabidhiano.

Hati ikipotea, usiiseme kwa mnong'ono. Toa taarifa polisi, andika kiapo, peleka maombi kwa Msajili wa Hati. Atatangaza katika Gazeti la Serikali kwamba hati fulani imepotea, na mwenye pingamizi ajitokeze katika mwezi mmoja. Pasipo pingamizi atatoa hati nyingine. Na kama hati haikupotea bali iko benki kwa ajili ya mkopo, nyumba ina rehani. Rehani hufutwa kwa karatasi ya benki iliyosajiliwa. Kumaliza deni peke yake hakuifuti katika daftari. Wapo waliomaliza kulipa zamani na wakashangaa kuona daftari bado linasema wanadaiwa.

Utajuaje daftari linasema nini? Kwa kufanya upekuzi. Unapeleka maombi Ofisi ya Ardhi, unalipa ada, na unapewa jibu la maandishi: mmiliki ni nani, je, pana rehani, je, pana zuio. Watu hudhani upekuzi ni kazi ya mnunuzi. Mimi nasema mwuzaji naye aufanye, tena awe wa kwanza. Ni aibu kuambiwa habari za nyumba yako na mgeni.

Swali limetoka katika darasa moja: "Je, sisi tusio na hati miliki tutafanyaje?" Swali jema, maana nyumba nyingi za mijini zimejengwa katika maeneo yasiyopimwa. Hapo karatasi yako ni mkataba ulionunulia, na kama unayo, leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi na yapasa kuhuishwa. Tafuta mkataba huo. Kisha tafuta mkataba wa yule aliyekuuzia wewe, na wa aliyemwuzia yeye, mpaka ufike kwa mtu wa kwanza. Zishone pamoja kama shanga. Shanga moja ikikosekana, mtafute mtu aliyeuza, kama yu hai, aandike na kushuhudia leo, maana kesho huenda asipatikane. Majirani wa pande nne waitwe waionyeshe mipaka, na majina yao yaandikwe. Serikali ya Mtaa itakuandikia barua ya kukutambua. Lakini mhuri wa Mtaa husema kwamba wanakufahamu na wameshuhudia. Haukufanyi kuwa mmiliki kama hukuwa mmiliki.

Kijijini ni jambo jingine. Huko mamlaka ni Halmashauri ya Kijiji, ndiyo inayotoa hati ya hakimiliki ya kimila. Kuuza ardhi ya kijiji pasipo idhini ya Halmashauri ya Kijiji ni kazi bure. Mauzo hayana nguvu. Mwenyekiti peke yake si Halmashauri, hata akiwa na mhuri mfukoni. Idhini itoke katika kikao na iwemo katika muhtasari.

Twende kwenye fedha. Pango la ardhi hulipwa kila mwaka na mwenye kiwanja kilichopimwa, na nyumba haihamishwi kwa jina jipya deni likiwapo. Uliza deni lako, upewe namba ya malipo, ulipe, na stakabadhi uitunze. Kodi ya majengo ni kitu kingine. Tangu mwaka 2021 imekuwa ikikatwa tunaponunua umeme wa LUKU.

Halafu iko kodi ambayo wengi huisikia siku ya mwisho, nayo ni kodi ya faida inayopatikana kwa kuuza nyumba. Hutozwa na TRA. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliweka asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa nchini. Tena ikasema: nyumba ambayo mtu ameimiliki kwa miaka 3 au zaidi, na amekaa ndani yake kwa jumla ya miaka 3 au zaidi, haitozwi kodi hiyo ikiwa faida haizidi Sh. 15,000,000. Bunge huweza kubadili viwango katika bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo ulizeni TRA viwango vya mwaka mnaouza.

Angalieni neno "faida". Faida si bei. Ni bei, ukitoa gharama zako. Na gharama ni ile unayoweza kuionyesha. Haya, hesabu ya pili. Mama ameuza nyumba yake kwa Sh. 50,000,000, na amekaa humo miaka tisa. Kiwanja alikinunua kwa Sh. 8,000,000. Ujenzi ulimgharimu Sh. 30,000,000: saruji, nondo, bati, mbao, fundi. Stakabadhi zote anazo. Faida yake ni kiasi gani? Je, atalipa kodi hiyo? Sasa tuseme nusu ya stakabadhi za ujenzi, za Sh. 15,000,000, zililiwa na mchwa, na hesabu ikafanywa kwa zile zilizobaki. Faida itaonekana ni kiasi gani, na kodi kwa asilimia 10 ni kiasi gani?

(Kimya kidogo ili wanafunzi waandike.)

Mtu atasema, "Basi tuandike bei ndogo katika mkataba." Shauri hilo ni baya. Thamani ya nyumba huandikwa na mthamini na kuthibitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo bei ya uongo huonekana. Tena mnunuzi akikataa kumaliza kulipa, utadai mahakamani ile bei iliyoandikwa, si ile mliyonong'onezana.

Karatasi zikiwa tayari, kazi inayobaki si ndefu. Mkataba wa mauziano huandikwa na kutiwa sahihi mbele ya wakili, wenye majina kamili, namba ya kiwanja, bei kwa tarakimu na kwa maneno, jinsi ya kulipa, na siku ya kukabidhi. Kwa kiwanja chenye hati miliki, wakili atajaza fomu za ardhi: namba 29 ya kutoa taarifa ya mauzo, namba 30 ya kuomba kibali, na namba 35 ya kuhamisha haki. Huambatishwa ripoti ya mthamini, uthibitisho wa kodi, na picha za pande zote mbili. Ushuru wa stempu hulipwa, kwa desturi na mnunuzi. Mwafikiane na mwandike. Fedha zipitie benki, zisihesabiwe mezani gizani. Kama kuna wapangaji ndani, mikataba yao itajwe. Na mnunuzi asiye raia hawezi kununua kama raia anunuavyo. Sheria humruhusu asiye raia kupata ardhi kwa utaratibu wake maalumu tu. Dalali akikuambia jambo hilo "linapitika", mwage.

Kazi ya darasa. Kila mwanafunzi achukue ukurasa mmoja wa daftari, aandike juu: KARATASI ZA NYUMBA YANGU. Mstari wa kwanza aandike jina lililo katika karatasi kubwa ya nyumba, kama lilivyoandikwa humo. Mstari wa pili jina lililo katika kitambulisho. Mstari wa tatu tarehe ya stakabadhi ya mwisho ya pango. Mstari wa nne mahali karatasi zilipo sasa hivi, na nani mwingine nyumbani anayepajua. Anayekaa nyumba ya urithi aandike pia kama msimamizi wa mirathi ameteuliwa, na mahakama gani. Msimamizi wa darasa asizikusanye kurasa hizo. Ni siri ya kila mtu. Nakala za hati tu ndizo ziletwe darasani kwa mazoezi ya kusoma, na zirudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Majibu ya hesabu. Ya kwanza: hati itakwisha tarehe 30 Juni 2028. Ya pili: kwa stakabadhi zote, gharama ni Sh. 38,000,000 na faida ni Sh. 12,000,000, haikuzidi Sh. 15,000,000, kwa hiyo mama hatozwi. Stakabadhi zilizoliwa na mchwa zikikosekana, gharama inayoonekana ni Sh. 23,000,000, faida ni Sh. 27,000,000, na kodi ni Sh. 2,700,000.